Jumatano, Saa Nne Asubuhi

Barua ya wakili imekuja kwa posta,
kurasa mbili, herufi ndogo kama viroboto.
Jumatano, saa nne asubuhi,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Njoo na hati ya nyumba, vitabu vya benki, bima,
orodha ya madeni, majina ya warithi.
Hakusema nije na moyo wa namna gani.

Nimelimwaga kopo la biskuti mezani.
Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza karatasi
kwenye kinu cha hapa Thunder Bay;
leo karatasi ndizo zinazonitengeneza mimi.

Hati ya nyumba ipo. Ina majina mawili.
Aune ana miaka sita chini ya misonobari,
lakini kwenye hati bado ni mwenye nyumba,
nami sikuwa na haraka ya kumhamisha.
Risiti ya friji tuliyoitupa zamani.
Leseni ya boti.
Funguo tatu, na mlango wao siujui.

Madeni: benki, hakuna.
Veikko, dola arobaini, tangu mwaka wa mgomo.
Nilisema nitamlipa Ijumaa.
Akafa Alhamisi, mtu wa watu,
na mjane wake akahama bila kuacha anwani.
Nimeliandika. Nikalifuta. Nimeliandika tena.

Warithi.
Marjatta yuko Calgary. Kwenye simu anasema,
"Uza tu, Baba, usijisumbue,"
kwa sauti ya mtu aliyeshika kitu cha moto.
Kalevi anakitaka kibanda cha mvuke kule ziwani,
kile nilichokijenga kwa magogo, mimi na baba yangu,
tukigombana kwa Kifini kila gogo.
Anataka kukibomoa ajenge nyumba ya vioo.
Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema.
Yangu itaandikwa, itasainiwa, itapigwa mhuri,
na bado nyundo itapita.

Ukurasa wa pili, swali la tisa:
*Nani atakuamulia, utakapokuwa huwezi?*
Hapo nimechemsha kahawa mara mbili.
Marjatta hulia akimpeleka paka kwa daktari;
ataniacha kwenye mashine hadi nichipue majani.
Kalevi naye hakawii,
angeichomoa waya kabla sijamaliza kukohoa.
Nawapenda wote wawili.
Kupenda hakukuulizwa.

Aune angejua. Aune alijua
hata nyama ipi imeiva kwa kusikiliza sufuria.
Mkono wake ulikuwa mdomoni mwangu na unyevu wa sifongo
kabla sijasema nina kiu, ule mwezi wa nimonia.
Kisha akatangulia, akaniachia fomu.

Basi nikaandika jina la Delphine Chartrand,
nyumba ya tatu kutoka kona.
Hatunywi chai pamoja. Sijui siku yake ya kuzaliwa.
Ila tangu mazishi, kila theluji ikianguka,
saa kumi na moja alfajiri nasikia koleo lake
likikwaruza njia yangu kabla ya yake,
na siku moja nilipochelewa kufungua pazia
aligonga mlango akaniita kwa jina,
akatazama uso wangu kama fundi anavyotazama paa,
akasema, "Haya," akaenda zake.
Mtu wa hivyo hatanihurumia kupita kiasi
wala hatanimaliza upesi.

Pembeni ya jina pana kisanduku: *Uhusiano.*
Mke, mtoto, ndugu, nyingine (eleza).
Nimeikaza kalamu muda mrefu.
Nimeandika: theluji.

Wakili atauliza. Na aulize.

Suti imetundikwa, inanuka nondo.
Tai sijui kuifunga; shingo hii ilifungiwa
miaka arobaini na saba na vidole vya mtu mwingine.
Nitaikunja mfukoni.
Redio inasema sentimita kumi na tano kufikia usiku.

Delphine mwenyewe sijamwambia.
Nimewekea kengele saa kumi na nusu,
na vikombe viwili, juu ya hati.